Re: Dogo kanunua maboksi ya bahati kwa kadi yangu
Habari mkuu. Kama nimekuelewa, kadi yako imekatwa pesa mara sita usiku mmoja, dogo akifungua maboksi ya bahati kwenye gemu la mpira, yale unayolipia bila kujua ndani kuna mchezaji gani. Yalinikuta na mwanangu. Usianzie benki. Fungua Google Play, gusa picha yako, ingia kwenye malipo, uone kila ununuzi na tarehe yake. Kama saa 48 hazijapita, omba kurudishiwa hapohapo. Zikipita, waandikie waliotengeneza gemu. Mimi nilirudishiwa pesa za maboksi mawili, la tatu likagoma.

Halafu washa nywila kwa kila ununuzi. Yangu ilikuwa imezimwa!

Wangu aliapa boksi linalofuata lingetoa straika wake, kumbe uwezekano, kwa herufi za kutafuta na miwani, haukufika asilimia 1. Ubelgiji waliyaita maboksi haya kamari tangu 2018. Wenye iPhone watakuambia ya kwao.