Swali la saba la hojaji yangu

Wiki hii nimesoma rasimu tatu za utafiti za wadogo zangu wa mwaka wa tatu chuoni kuhusu utandawazi na wanafunzi, na zote zinafungua kwa kauli ileile: utandawazi umemomonyoa maadili. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana kauli hiyo niliwahi kuiandika mimi katika utafiti wangu. Kwao nina mambo manne.

Kwanza, msifiche jibu ndani ya swali. Swali langu la saba liliuliza, "Je, utamaduni wa kigeni umeharibu maadili ya wanafunzi?" Niligawa nakala 120 katika hosteli moja hapa Kampala, na karibu wote wakatia alama kwenye "Ndiyo". Siku ya kukusanya, binti mmoja aliyevaa jezi ya Arsenal alikuwa akinikabidhi karatasi yake simu yake ilipoita. Alikuwa bibi yake, anapiga kutoka Masaka. Binti yule alipiga magoti papo hapo kwenye sakafu ya korido, akamwamkia kwa Kiganda salamu nzima bila kuruka neno, ilhali bibi hamwoni. Kisha akainuka, akapangusa vumbi kwenye jinzi yake, akanipa karatasi. Swali la saba: "Ndiyo". Nami, badala ya kumwomba tuketi tuzungumze, niliihesabu alama yake nikaenda zangu kuchora grafu. Msimamizi wa utafiti wangu aliirudisha sura ya nne ikiwa na maneno ya wino mwekundu pembeni, kwamba niliwaomba wanafunzi wakubaliane nami, nao kwa adabu yao wakakubali. Niliandika upya sura nzima, na wenzangu wakahitimu bila mimi.

Pili, ijaribuni hojaji kwa watu kumi kabla ya kuchapisha.

Tatu, tazameni wanafunzi wanavyotenda. Serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, Julai 2018, wengi wetu tulijua kutumia VPN, programu ya kukwepa tozo hiyo, kabla ya kujua kunukuu vyanzo kwa mtindo wa kitaaluma wa APA, na hakuna hojaji iliyotuuliza habari hiyo.

Nne, "utandawazi" ni neno la darasani. Mdogo wangu mmoja alipoona msailiwa wake ameduwaa, aliliacha, akamuuliza habari za "mambo ya nje", na msailiwa akaanza kumsimulia shangazi yake aliyeko Dubai, anayemlipia karo na kumkagua mavazi kila Jumapili kwa simu ya video. Usaili ule una kurasa nne, na katika rasimu yake ameutengea mistari miwili.