Kabla ya kumnukuu Berkeley

Mwanafalsafa George Berkeley (hutamkwa Baakli, si kama ule mji wa California uliopewa jina lake) anajulikana kwa maneno matatu ya Kilatini, *esse est percipi*, yaani kuwapo ni kuhisiwa, na wengi huyanukuu kombo. Katika kitabu chake *Principles* cha 1710, kifungu cha 3, aliandika Kiingereza na kupachika maneno mawili tu, *esse* na *percipi*, tena akizungumzia vitu visivyofikiri: meza, mti, jiwe. Roho ina habari yake. Kuwapo kwake ni kuhisi, kutaka na kuwaza. Ukiikata nusu hiyo, unabaki na mtu asemaye jirani hutoweka ukifumba macho.

Usifasiri "kuwapo ni kuonekana". Berkeley anahesabu hisi zote tano. Mswahili husikia baridi, husikia harufu, husikia maumivu, kwa hiyo anaelewa upesi kwamba jicho halina upendeleo hapa. "Kuwapo ni kuhisiwa" inatosha.

Anza na *Three Dialogues* ya 1713, si *Principles*. Ni watu wawili wanaobishana bustanini asubuhi: Hylas, jina litokanalo na neno la Kigiriki la maada, na Philonous, mpenda akili, anayemsemea Berkeley kwamba maada haipo. Soma ukiwa na kalamu, uandike kila jambo ambalo Hylas anakubali. Wasomaji wengi humwona mjinga, wakamkimbia. Kumbe ndipo wanapopigwa chenga. Mahali pa kusimama ni pale anapojitetea kwamba maumivu ni matokeo ya joto kali, si joto lenyewe. Philonous anamuuliza: ukisogeza mkono motoni, unasikia vitu viwili au kimoja? Hylas anajibu kimoja, na mlango umeshafunguka: joto, kama maumivu, limo akilini. Ukitaka kumpinga Berkeley, pinga hapo. Ukingoja kurasa 50 mbele utakuwa umechelewa.

Kisha fanya lile jaribio la maji. Chukua bakuli tatu: moto wa kuvumilika, baridi, vuguvugu. Mkono mmoja kwenye moto, mwingine kwenye baridi, kama dakika moja, halafu yote miwili kwa pamoja kwenye vuguvugu. Mkono mmoja utasikia baridi, mwingine joto, na maji ni yaleyale. Usikawie humo, maana mikono huzoea na tofauti hupotea. Wala usidai kwamba umethibitisha maada haipo. Umeonyesha tu kwamba joto unalolisikia si sifa iliyokaa ndani ya maji. Berkeley mwenyewe analazimika kuendelea hadi umbo, ukubwa na mwendo, na huko hoja inakuwa ngumu zaidi.

Ndipo uende *Principles*: utangulizi, kisha vifungu vya 1 hadi 33. Kifungu cha 23, kinachosema huwezi kuwazia miti ambayo haiwaziwi na yeyote, ndicho dhaifu kuliko vyote kwa maoni yangu: kinachanganya kuwaza na kile kinachowazwa. Ule mti uangukao msituni bila msikilizaji, ambao watu huuliza kama unatoa sauti, haumo. Kwake vitu havipotei tukiondoka, kwa sababu Mungu anavihisi.

Mwandishi Mwingereza Samuel Johnson alipiga jiwe teke mwaka 1763 akidai amemkanusha. Teke lile halikufika kokote: kifungu cha 35 kinakiri wazi kwamba vitu tunavyoviona na kuvigusa vipo kweli. Ugumu wa jiwe na maumivu ya kidole ni hisia zote mbili.

Maisha ya Berkeley yasomwe bila kumpamba. Alizaliwa Ireland mwaka 1685, akasoma Trinity College Dublin, akafika Rhode Island, Marekani, mwaka 1729 akingoja pauni 20,000 za kujengea chuo Bermuda. Fedha hazikuja; akarudi 1731, akawa askofu wa Cloyne, Ireland, mwaka 1734. Huko Rhode Island alinunua watumwa, na ndiyo sababu Trinity iliondoa jina lake kwenye maktaba mwaka 2023.

Kitabu chake kilichovuma sana enzi za uhai wake kilikuwa *Siris* cha 1744, kinachosifia dawa ya lami: robo galoni ya lami ya misonobari, galoni moja ya maji baridi, koroga dakika 3 au 4, acha saa 48, chuja. Kisome kwa ajili ya falsafa ya kurasa za mwisho. Dawa yenyewe usiinywe.