Mbwa wa Mjini na Homa ya Kupe: Maswali Yenu

Shikamoo daktari. Niko Mwanjelwa. Mbwa wangu hatoki getini na mtaa wetu hauna ng'ombe. Homa ya kupe ataitoa wapi?

Marahaba. Ataipata hapo hapo bandani. Kupe wa kahawia wa mbwa hana haja na malisho. Akishiba damu anadondoka, anapanda ukuta na kujificha kwenye ufa, na jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 4,000. Watoto wake hawarithi bakteria wa erlikia, wanaoleta homa hii, kwa mama; kupe huwapata kwa kunyonya mbwa mwenye ugonjwa, kisha akawapeleka kwa mbwa mwingine. Kwa hiyo mbwa mgeni mmoja mwenye kupe anatosha kuanzisha shida ndani ya geti lililofungwa.

Baridi ya Julai hapa Njombe si inawaua?

Inawapunguza kasi tu. Kupe mzima hukaa miezi mingi bila kula, na banda lililoegemea ukuta wa jikoni lina joto la kumtosha.

Nasikia mbwa wengi wa mjini wanao ugonjwa huu. Mbona wangu watatu wa hapa Kihesa wanakula na kubweka kama kawaida?

Wengi wanao, na wengi hawaonekani wagonjwa. Baada ya kuumwa na kupe, homa huanza ndani ya wiki moja hadi tatu: mbwa analala sana, anakataa chakula, anakonda. Wengi hupata nafuu hata bila dawa, mwenye mbwa akadhani ilikuwa minyoo. Kumbe bakteria wamebaki mwilini, pengine kwa miaka. Kwa baadhi yao, baadaye uboho unashindwa kutengeneza damu, na hapo kumwokoa mbwa ni kazi ngumu. Inaniuma sana kuletewa mlinzi wa nyumba akiwa amefikia hatua hiyo.

Ukisikia asilimia yoyote, uliza kwanza walipima vipi. Kipimo cha kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, kinamhesabu hata aliyekwisha kupona, maana kingamwili hukaa muda mrefu baada ya matibabu. Darubini huwakosa wengi, kwa sababu bakteria huonekana kwenye chembe nyeupe za damu chache mno, tena zaidi homa ikiwa bado changa. Kipimo cha vinasaba hutafuta bakteria wenyewe kwenye damu. Mbwa wale wale, hesabu tatu.

Wewe wa Kihesa, leo jioni inua mdomo wa juu wa kila mbwa utazame fizi. Zinatakiwa ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe, au ukiona vidoa vyekundu tumboni pasipo na manyoya, au damu puani, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nilipewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria wa homa hii. Siku ya tano mbwa akachangamka, nikaacha. Nilikuwa namchanganyia kwenye maziwa.

Rudi kwa aliyekupa. Kwa kawaida dozi ni siku 28, kwa uzito wa mbwa. Kuchangamka kunakuja mapema, bakteria bado wapo. Na maziwa hapana: yanaishika dawa isiingie vizuri mwilini. Mpe na ugali kidogo, kisha anywe maji.

Niko Uyole, nina ng'ombe wa maziwa. Ndigana yao inampata mbwa? Nimwogeshe kwa dawa yao?

Ndigana kali ina vimelea wake na kupe wake, haimpati mbwa. Dawa ya josho usimpake kwa kukisia: kipimo cha ng'ombe kinaweza kumuua, na kuna dawa za kupe zinazoua paka kwa kugusana na mbwa aliyepakwa. Nunua ya mbwa, kwa uzito wake. Kisha toa matandiko yote, ziba nyufa za banda kwa saruji, na ulipulizie dawa mbwa akiwa nje. Usipofanya hivyo kupe watarudi tu.

Kupe aliyeshika nimchome kwa kiberiti?

Hapana, wala mafuta ya taa. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, mtumbukize kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha. Tafuta zaidi ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo na katikati ya vidole.