Kura au kiti tu?

Mkuu, umeuliza kama mwanafunzi akiingia kwenye bodi apewe kura au aishie kusikiliza. Mimi nasema apewe kura, ila kura peke yake haimsaidii kama makabrasha anakabidhiwa asubuhi ya kikao. Bajeti ya kurasa 80 huisomi ukiwa umesimama mlangoni.

Angalia Chuo Kikuu cha California. Tangu 1975 bodi yake kuu ina mwanafunzi mwenye kura kamili. Siku hizi anateuliwa mapema, anahudhuria mwaka mzima bila kura akijifunza mambo yanavyokwenda, na mwaka unaofuata ndipo anapiga. Huo mwaka wa kujifunza ndio naupenda kuliko kura yenyewe. Kule Córdoba, Argentina, ilibidi wagome kwanza, 1918, ndipo wanafunzi wakapata nafasi kwenye uongozi wa chuo.

Hoja kwamba mwanafunzi atasikia mambo ya siri, kama kesi za nidhamu za walimu, ina uzito, lakini anaweza kutoka nje kwa ajenda hiyo tu kisha akarudi.

Halafu wawe wawili. Mmoja akizungukwa na wakubwa kumi na tano hunyamaza. Nimewahi kuwa huyo mmoja, nakijua kile kiti cha pembeni.