Jibu: Miaka sita ya ndoa, nimpeleke wapi mke wangu siku mbili karibu na Dar?

Ndugu yangu, umesema unataka sehemu ya siku mbili tu na isiwe mbali na Dar. Mpeleke shemeji Moro (Morogoro), tena kwa treni ya SGR, ile mpya ya umeme. Mimi na mama watoto tulienda hivyo tulipofikisha miaka 10, tukapanda Ijumaa jioni na kabla ya masaa mawili tumeshashuka stesheni ya Kihonda, hapo hapo Morogoro, wakati kwa basi foleni ya kutokea mjini mpaka Kibaha peke yake ingetumalizia hamu yote. Kata tiketi mapema mtandaoni, na msisahau vitambulisho.

Jumamosi amkeni alfajiri mpande milima ya Uluguru mpaka Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Tafuteni kijana wa kuwaongoza na vaeni viatu vinavyoshika maana njia inateleza. Ni masaa kadhaa kwenda na kurudi, ila njiani kuna vijito, migomba, bustani za mboga kwenye miteremko, na kibaridi ambacho Dar hukipati kabisa. Sisi tulikaa kwenye jiwe tukamenya machungwa, simu tumezima, mke wangu akaanza kunisimulia mambo ya utotoni kwao ambayo miaka yote hiyo sikuwahi kuyasikia. Nilishukuru sana siku ile.

Kama miguu haitaki mlima basi Rock Garden, ile sehemu ya mapumziko hapo Moro, inatosha, mtakaa karibu na maji mpige stori. Hoteli yoyote safi itafaa. Ila watoto waachieni bibi yao, tafadhali, hilo usilegeze.