Wajibu wa Mfalme, Kura ya Raia: Maswali Yenu Kuhusu India

Je, ni kweli kwamba Ashoka, mfalme wa India ya kale, alitawala kwa maadili?

Alijitahidi kuliko wafalme wengi wa zama zake, yaani karne ya 3 kabla ya Kristo. Baada ya vita vya Kalinga, eneo la pwani ya mashariki ya India, ambavyo kwa maandishi yake mwenyewe viliua watu 100,000 na kuwahamisha wengine 150,000, aliamuru majuto yake yachongwe kwenye miamba, akaagiza pia kwamba taarifa za raia zifikishwe kwake saa yoyote, hata akiwa mezani anakula. Hata hivyo, andiko hilo hilo la majuto linawaonya watu wa misituni kwamba nguvu ya kuwaadhibu bado anayo. Na huko Kalinga kwenyewe, kwenye mwamba wa Dhauli, andiko hilo halikuwekwa. Dharma, yaani wajibu wa kutenda haki na wema, ilimfunga mfalme kwa dhamiri yake tu, kwani raia hakuwa na njia ya kumwondoa.

Hapakuwa na uchaguzi wowote?

Ulikuwapo, tena wenye masharti ambayo mabunge mengi ya leo yangeyakwepa. Maandishi ya ukuta wa hekalu la Uthiramerur, Tamil Nadu, ya karibu mwaka 920, yanaeleza jinsi majina ya wagombea wa kamati za baraza la kijiji yalivyoandikwa kwenye majani ya mtende, yakatiwa chunguni, na mtoto akachomoa moja. Aliyewahi kushika kazi ya kamati bila kutoa hesabu alizuiwa, na jamaa zake pamoja naye. Lakini kijiji kilikuwa cha Wabrahmani, tabaka la makuhani, na mgombea alipaswa kumiliki ardhi na kuzijua Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu. Mwanamke na asiye na shamba hawakuhesabiwa.

Kwa nini basi Katiba ya 1950 haikujengwa juu ya mabaraza hayo ya vijiji?

Kwa sababu B. R. Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoiandika rasimu yake, aliyezaliwa katika tabaka lililotengwa, alijua kijiji kilivyomtendea mtu wa tabaka lake. Alikubali kwamba jumuiya za watawa wa Kibuddha zilijua taratibu za bunge, lakini ulinzi wa raia aliutafuta kwenye haki zinazodaiwa mahakamani, na Ibara ya 17 ikafuta desturi ya kuwatenga watu walioitwa "wasioguswa". Mabaraza ya vijiji yalipata nguvu ya kikatiba mwaka 1993, safari hii yakitengewa wanawake angalau theluthi moja ya viti.