Maswali yenu: benchi la ufundi linapofungasha virago

Wiki hii barua nyingi ni za futiboli ya vyuo vya Marekani, na safari hii mnauliza habari za makocha wasaidizi. Nimefurahi. Miaka yote mlikuwa mnamwona kocha mkuu peke yake, kana kwamba wale wengine kumi kazi yao ni kubeba maji. Naanza na swali linalonichosha, tumalizane nalo.

"Kocha msaidizi kule analipwa kiasi gani?" (Wasomaji kadhaa: Dodoma, Nakuru, Lubumbashi)

Msaidizi yupi? Swali hili linakuja kila msimu na kila msimu haliji na jina. Ni sawa na kuuliza mfanyakazi wa hospitali analipwa ngapi bila kusema kama ni daktari bingwa au mfagizi wa wodi.

Juu wapo waratibu wawili, wa ushambuliaji na wa ulinzi. Wanafuata makocha wa nafasi, kila mmoja na kundi lake la wachezaji. Chini yao kuna wachambuzi wanaokesha na video, na chini kabisa wasaidizi wanaosoma shahada ya uzamili, ambao chuo huwalipia ada na kuwapa posho ya kujikimu. Mwaka 2018 chuo cha Louisiana State (LSU) kilimpa mratibu wake wa ulinzi, Dave Aranda, mkataba wa miaka minne wa dola milioni 10, na watu wakashika vichwa. Mwaka 2025 Penn State ilimchukua Jim Knowles kwa wastani wa dola milioni 3.1 kwa mwaka, kazi ileile. Katika jengo hilohilo yupo kijana wa posho anayelala kwenye kochi la ofisi kwa sababu akienda nyumbani atachelewa kikao cha alfajiri.

Na tafadhali, acheni kunitumia mshahara uliogeuzwa kuwa shilingi. Ukitaka kumwelewa kocha, uliza mambo mawili: mkataba wake ni wa miaka mingapi, na akitimuliwa kesho analipwa nini. Mengine yote yanafuata hapo.

"Kwa nini wasaidizi wanaondoka timu ikishachukua ubingwa? Hawana shukrani?" (Msomaji, Columbus, Ohio)

Ndugu yangu wa Columbus, najua kidonda chako kilipo. Januari 20, 2025 Ohio State iliifunga Notre Dame 34-23 na kutwaa ubingwa wa taifa. Wiki tatu hazijaisha, waratibu wote wawili walikuwa wameaga: Knowles kwenda Penn State, Chip Kelly kwenda Las Vegas Raiders kwenye ligi ya kulipwa.

Shukrani haimo kabisa katika hesabu hii. Soko la mratibu hufunguliwa wiki chache tu kwa mwaka, na bei yake hupanda pale anapokuwa na kombe mkononi. Msimu unaofuata kotabeki wake, yaani mrushaji pasi anayeongoza mashambulizi, anaweza kuvunjika mguu mwezi Septemba, na Desemba simu haiiti. Nani angekaa?

Anayetaka kuona kinachobaki nyuma aitazame LSU ya mwaka 2019. Walicheza mechi 15, wakashinda zote, na kotabeki wao Joe Burrow akawa gumzo la nchi nzima. Joe Brady, kijana aliyetengeneza mashambulizi yao ya pasi, mshahara wake msimu ule haukufika nusu milioni ya dola. Fainali ilichezwa Januari 13, 2020. Ndani ya wiki hiyohiyo Brady alikwenda Carolina Panthers ya ligi ya kulipwa na Aranda akawa kocha mkuu wa Baylor.

Kocha mkuu, Ed Orgeron, akamleta Bo Pelini kuratibu ulinzi kwa dola milioni 2.3 kwa mwaka, miaka mitatu. Mechi ya kwanza tu, Septemba 26, Mississippi State ilikuja Baton Rouge, nyumbani kwa LSU, na kotabeki wao K.J. Costello akarusha pasi za yadi 623, rekodi ya SEC nzima, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki. Niliitazama usiku wa manane, na hadi leo naiona ile nafasi katikati ya uwanja. Mpokeaji anakata kuelekea kati, hakuna aliyemfuata, walinzi wawili wanatazamana kila mmoja akidhani ni wa mwenzake. Pasi. Dakika chache baadaye, njia ileile, nafasi ileile. Wachezaji hawakuwa wamekosa vipaji. Walikuwa hawajaujua mfumo mpya, na mwaka ule wa korona haukuwapa hata mazoezi ya maana ya kuujifunza.

Pelini alitimuliwa baada ya msimu mmoja na kuondoka na takriban dola milioni 4. Oktoba 2021 ikawa zamu ya Orgeron mwenyewe, kwa fidia ya karibu dola milioni 17. Mimi siilaumu LSU kwa kuwaachia Brady na Aranda, maana hakuna mkataba unaomzuia mtu asipande cheo. Nailaumu kwa kumwajiri mtu kwa papara na kumhakikishia miaka mitatu.

Na Knowles je? Oktoba 12, 2025, katikati ya msimu wake wa kwanza Penn State, kocha mkuu aliyemwajiri, James Franklin, kibarua chake kiliota nyasi.

"Ni makocha wangapi wanaoruhusiwa?" (Msomaji, Tanga)

Kwenda kusaka vijana nje ya chuo ni kocha mkuu na wasaidizi 10. Kufundisha uwanjani, tangu 2024, hata wachambuzi wanaruhusiwa.

"Ni kweli kocha mkuu wa zamani alifanya kazi Alabama kwa dola 35,000? Alikuwa amefilisika?" (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli, na hakuwa amefilisika hata chembe. Butch Jones alifukuzwa Tennessee Novemba 2017 akiwa bado anadai zaidi ya dola milioni 8. Mikataba ya aina hiyo huwa na kifungu kwamba ukipata kazi nyingine, mshahara mpya unakatwa kwenye deni. Basi kwa nini Alabama wamlipe nusu milioni, wakati kila dola yao ingempunguzia mzigo Tennessee? Wakampa 35,000, akakaa ofisini na Nick Saban, kocha wao mkuu wa wakati ule, akajifunza, na hundi kubwa ikaendelea kutoka Tennessee. Mpinzani alikuwa anamlipia Alabama mfanyakazi.

Hapa nina la kusema ambalo hukuuliza. Kila timu ikifungwa mara mbili mnaniandikia "afukuzwe, afukuzwe." Texas A&M ilimfukuza Jimbo Fisher Novemba 2023 na gharama yake ikazidi dola milioni 75. Fedha hizo ni za kumlipa mtu asifanye kazi. Na kocha mkuu haondoki peke yake, wasaidizi nao wana mikataba, kila mmoja na mabaki yake. Kabla hujaandika "afukuzwe," tafuta kwanza mkataba unasemaje.

"Kwa nini NCAA isiweke kikomo cha mishahara ya makocha?" (Msomaji, Bujumbura)

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilijaribu, ikaumia. Mwaka 1992 ilianza kutumia kanuni kwamba mmoja wa makocha wa mpira wa kikapu katika kila chuo asilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka: 12,000 za mwaka wa masomo na 4,000 za kiangazi. Sababu waliyoitoa ni kupunguza gharama na kuacha mlango kwa makocha chipukizi. Makocha wakaenda mahakamani, wakisema vyuo washindani vimekaa chini na kukubaliana bei ya kazi yao. Mahakama ya rufaa ikakubaliana nao mwaka 1998, na mwaka uliofuata NCAA ikamaliza kesi kwa dola milioni 54.5.

Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Wala mimi sitamani kikomo kirudi. Angalieni nani aliwekewa: kocha mkuu hakuguswa, aliyebanwa ni mdogo kuliko wote benchini. Watu wenye sauti wakikaa kupunguza gharama, kisu huanzia kwa asiye na sauti.

"Sasa wachezaji wanalipwa. Mishahara ya makocha itashuka?" (Msomaji, Minneapolis)

Ya waratibu, hapana. Tangu Julai 1, 2025 chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake fedha, kwa mwaka ule wa kwanza hadi dola milioni 20.5, kwa maafikiano yaliyoidhinishwa mahakamani mwezi Juni. Zingatia kwamba kikomo hicho ni cha wachezaji. Kocha hana kikomo, kwa sababu niliyomweleza msomaji wa Bujumbura. Ukiziba bomba moja, maji yanatafuta lingine. Chuo chenye fedha ambacho hakiruhusiwi kumwongezea kotabeki, kitamwongezea mratibu wa kotabeki.

Ninaowahofia ni wachambuzi, watu wa video, watu wa lishe, na michezo isiyoingiza fedha kama kuogelea na tenisi. Kisu kitaanzia huko.

"Notre Dame wanamlipa mratibu wao ngapi? Mbona hawamo kwenye orodha za mishahara?" (Msomaji, Kampala)

Ni chuo binafsi, sheria za kumbukumbu za umma haziwabani. Southern California (USC) vilevile.

"Kwa nini kocha asilipwe kwa pointi anazofunga? Ungekuwa mwisho wa ubabaishaji." (Msomaji, Morogoro)

Iowa walifanya hivyo. Brian Ferentz alikuwa mratibu wa ushambuliaji chini ya baba yake, Kirk. Mashambulizi yalikuwa mabovu mno mwaka 2022, na Februari 2023 mkataba wake ukaandikwa upya: mshahara ukashuka kutoka dola 900,000 hadi 850,000, na akatakiwa kufikisha wastani wa pointi 25 kwa mechi pamoja na ushindi wa mechi saba. Hata pointi za walinzi zingehesabiwa. Msimu haujaisha, Oktoba, chuo kikatangaza kwamba hatabaki. Timu ilishinda mechi 10 kwa wastani wa pointi kama 15 tu.

Sasa fikiri wewe ni mratibu huyo. Timu yako inaongoza 14-3, zimebaki dakika sita. Akili ya mpira inasema kimbiza mpira, kula saa, nenda nyumbani. Mkataba wako unasema rusha, tafuta pointi. Mtu huyo umemweka katikati ya mechi na tumbo lake. Kazi ya kocha msaidizi ni kuitumikia timu nzima, na ukimlipa kwa kipande kimoja cha ubao wa matokeo unamfundisha kuusahau ulinzi wa mwenzake. Baba kumwajiri mwanawe lilikuwa kosa, nakubali. Dawa yake ilikuwa kumwondoa mapema.

"Kocha mkuu akihama kabla ya mtoano, wasaidizi humfuata nani?" (Msomaji, Muscat)

Unaiulizia Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi. Novemba 30, 2025 Lane Kiffin aliiacha timu ikiwa na ushindi 11 na kipigo kimoja, akaenda LSU. Pete Golding, mratibu wa ulinzi, akapewa kiti. Baadhi ya waliokuwa wamemfuata Kiffin, akiwemo mratibu wa ushambuliaji Charlie Weis Jr., walirudi Oxford, mji wa Ole Miss, kumalizia michuano na vijana wao. Nawavulia kofia. Ila ni hali mbaya: mtu ana waajiri wawili, asubuhi anapanga mechi ya timu hii, jioni anapiga simu kuwavuta wachezaji wa timu ile.

Ukitaka wa kulaumiwa, anza na kalenda. Vijana wa sekondari wanasaini mapema Desemba, dirisha la uhamisho ni Januari, na mtoano uko katikati. Chuo kinachosubiri kocha amalize mechi zake kinakuta vijana wameshachukuliwa.

"Mwanangu anasoma Marekani na amepewa nafasi ya kuanza ukocha. Nimruhusu?" (Mama, Arusha)

Shikamoo mama. Mruhusu, lakini aingie akijua.

Niliwahi kuishi kwenye mji mdogo wa chuo kule, jirani na kocha mmoja wa nafasi. Jumapili moja ya mwisho wa Novemba kocha mkuu wake alifukuzwa. Jioni ile mkewe alinigongea mlango kuuliza kama nataka friza lao, limejaa nyama, kwa sababu hawajui watakuwa wapi mwezi ujao. Binti yao wa darasa la tano alikuwa ameshabadili shule mara nne. Kilichonigusa zaidi ni mume. Kwa wiki tatu baada ya hapo aliendelea kwenda ofisini kila asubuhi na kuwapigia simu vijana wa sekondari, akiwaambia mazuri ya chuo, huku akijua kocha mpya atakuja na watu wake. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba kijana aliyempa ahadi anastahili kusikia sauti yake mpaka siku ya mwisho. Januari alikwenda kwenye mkutano wa mwaka wa makocha na wasifu wake mkononi, na Februari lori likaja kubeba vitu.

Mwambie mwanao aulize kwa maandishi: mkataba unaisha lini, na kocha mkuu akiondoka bima ya afya inaendelea miezi mingapi. Asione haya kuuliza. Na amalize hiyo shahada ya uzamili kabla ya kukubali uhamisho wowote, hata akiitwa na chuo kikubwa kiasi gani.

"Yupo hata mmoja anayekaa?" (Msomaji, Zanzibar)

Phil Parker. Alifika Iowa mwaka 1999 kufundisha walinzi wa nyuma, akawa mratibu wa ulinzi 2012, na mwaka 2023, msimu uleule wa mkataba wa pointi, akapewa Tuzo ya Broyles ya msaidizi bora wa nchi. Aliposhinda tuzo hiyo alibaki palepale.